Leso Ndani ya Lori la Korosho

Lori lilikuwa limeshaondoka, Marafa imebaki nyuma ndani ya vumbi, na mkono wa Dena ulikuwa umeteleza kutoka kwenye gia.

Hapo ndipo tulipoachana Ijumaa iliyopita. Mkono ule ulianguka juu ya kiti, kiganja juu, vidole vimelegea. Bi Kahonzi, mama mkwe wake, akawa anautazama mkono asiweze kuutazama uso.

Kwa nini asiweze? Kwa sababu ya leso. Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike, nitamweleza upesi, maana lori halisimami kumngoja.

Dena ni dereva wa Musyoka, tajiri wa malori pale Malindi. Alikwenda Marafa kwenye matanga ya mjomba wa mkewe, akakaa siku tatu, na siku tatu hizo hakufumba jicho. Katika mji ule mkwe halali matangani. Mkwe ndiye apasuaye kuni, ndiye achimbaye kaburi, ndiye achotaye maji. Akionekana amejinyoosha mkekani, shemeji zake watamtungia wimbo.

Siku ya nne akapakia korosho za tajiri wake. Kiwanda cha Kilifi hufunga lango saa kumi. Juu ya magunia wakapanda watu sita waliotoka matangani, na mmoja wao ni Kadii, mkewe, na mtoto wao Easter wa miezi minane mgongoni.

Kahonzi goti lake lilikuwa limevimba kama boga. Kupanda juu hawezi. Ikabidi akae mbele na mkwewe, bega kwa bega, maili sitini! Wazee wakaguna. Kadii ndiye aliyekata shauri. Alichukua leso yake nyekundu ya kujifunga, akaitundika kwa kamba katikati, huku dereva, huku mama mkwe. Heshima ikawekwa. Wote wakaridhika.

Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwa anayekaa kando ya dereva ndiye macho yake ya pili.

Leso ilikuwa fupi. Chini yake Kahonzi aliona gia, na mkono. Basi.

Na sasa mkono umelala.

Kahonzi akakohoa.

Mkono haukusogea.

Akakohoa tena, kwa nguvu, kama mwenye kifua kibovu. Lori likaanza kuiacha barabara, polepole, upande wa kushoto, kule ardhi ilikopasuka ikawa makorongo mekundu. Kwa dirisha lake aliona kichaka, kichaka kingine, halafu hewa tupu.

Amwite mkwewe kwa jina? Haiwezekani. Amguse? Mulungu apishe mbali. Pajani alikuwa amepakata kuku wa madoadoa, amefungwa miguu, zawadi ya kutoka matangani. Akamgeukia yeye.

"Wewe kuku!" akapiga kelele. "Nakuuliza wewe! Huyo anayetupeleka yuko, au ametuacha?"

Mkono ukaruka. Usukani ukakatwa kulia. Juu ya magunia watu wakapiga yowe.

"Niko, mama," sauti ikatoka nyuma ya leso. "Niko kabisa."

"Sisemi na mtu. Nasema na kuku."

"Basi mwambie kuku nilikuwa nawaza tu."

"Kuku anauliza, mtu anayewaza hukoroma?"

Dena akacheka. Kahonzi akakisikia kicheko kile kinatetemeka, na hapo ndipo hofu ilipomwingia barabara, kwa sababu alijua anayeogopa si yeye peke yake.

"Mama," Dena akasema kwa sauti ya chini, "mwambie kuku asinyamaze. Akinyamaza mimi naondoka. Naona mti huu hapa, halafu naona mwingine uko mbele kabisa, na miti ya katikati sikuipita."

Mimi katika kuzunguka kwangu nimekaa mbele na madereva wengi. Wengine hutafuna miraa, wengine hujipaka pilipili kwenye kope, wengine huimba. Wote huniambia kuwa wakati wa kusinzia wanaujua. Uongo mtupu. Aliyesema kweli ni Dena siku ile. Usingizi wa usukani huujui ulivyokuja, unajua tu ulipokuachia.

Kahonzi akasema na kuku mpaka daraja la Sabaki. Akamweleza habari za marehemu, habari za goti, habari za mwaka wa njaa. Na pale darajani wakapata bahati ambayo si kila msafiri huipata.

Polisi.

Koplo Thuku alikuwa mtu wa bara, mrefu, hana haraka. Aliinua mkono mmoja.

"Zima gari. Leseni."

Dena akampa. Koplo hakuisoma leseni. Aliyasoma macho.

"Umekunywa?"

"Sijanywa, afande. Natoka matangani."

"Pumua."

Dena akapumua. Koplo akanusa, asipate kitu.

"Pombe hakuna. Lakini haya macho ni ya mtu amekunywa pipa. Ulilala lini?"

"Jana, afande."

"Jana saa ngapi?"

Dena akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Sikiza, kijana. Mlevi atasimama njiani akojoe. Wewe hutasimama mpaka usimamishwe na mti. Na kwa sheria mko sawasawa. Naweza kukuandika sasa hivi uende kwa hakimu, na hii leseni uiage."

Akazunguka upande wa kushoto. Akachungulia, akaona nyekundu inaning'inia.

"Hii pazia ni ya nini? Hili ni lori ama ni nyumba ya bibi harusi?"

Juu ya magunia watu wakaangua kicheko.

"Ni heshima, afande!" Kadii akajibu kutoka juu. "Huyo ni mama mkwe wake!"

"Aa. Samahani, mama. Habari ya safari?"

"Nzuri, mwanangu."

"Basi wewe umekaa naye. Nakuuliza wewe. Huyu amesinzia njiani?"

Kicheko kikakatika. Juu kule kulikuwa na shemeji wawili wa Dena, masikio yamesimama. Kahonzi akisema ndiyo, mkwewe ataimbwa. Korosho zitalala njiani, na Musyoka si mtu wa kusamehe. Mwanawe Kadii atakula nini, na yule mtoto? Akisema hapana, maili thelathini na tano zimebaki, na Kadii na mtoto wako juu ya magunia.

Kahonzi akaishika leso kwa vidole viwili.

"Mimi nimewekewa leso, afande," akasema. "Uso sikuuona."

Kila neno lilikuwa la kweli. Na hajapata kusema uongo mkubwa kama ule maisha yake yote.

Koplo akamtazama sana. Akarudisha leseni.

"Fika Malindi, simama, lala saa moja. Hiyo ni amri."

"Ndiyo, afande."

Na Dena alisimama, wasomaji wangu, msimlaumu kwa hilo. Aliingiza lori katika uwanja wa Musyoka, akazima injini, akaegemeza kichwa kwenye usukani. Hakupata hata dakika tatu.

"Nani kakwambia uzime?" Ni Musyoka huyo, kikombe mkononi. "Saa saba na nusu hii! Lango linafungwa saa kumi!"

"Mzee, nipe saa moja tu. Polisi kaniambia..."

"Polisi ndiye anayekuajiri? Dena, mmezika, pole sana, Mungu amlaze pema. Sasa kunywa kahawa hii uende."

"Mzee Musyoka!" Kadii akamwita kutoka juu. "Mume wangu amechoka. Mwone alivyo!"

"Wewe mshike mtoto wako vizuri. Huko juu kuna upepo."

Dena akainywa kahawa amesimama. Nusu ikamwagika shatini. Akapanda.

Kutoka Gede barabara imenyooka. Msitu upande mmoja, mikorosho upande mwingine, jua la Januari limekaa katikati ya kioo. Juu ya magunia walikuwa wanaimba zile nyimbo za matanga za polepole. Injini inaunguruma sauti moja, haipandi haishuki.

"Wewe kuku," Kahonzi akasema, "unajua kwamba..."

Alitaka kusema nini? Hakukumbuka. Akaanza tena.

"Wewe kuku..."

Sasa nitawaambia jambo ambalo kila mtu pale Marafa alilisahau. Kahonzi naye alikuwa amefiwa. Yule marehemu ni kaka yake, tumbo moja. Siku tatu zile, hakuna aliyemwona amelala.

Kichwa chake kikaegemea mlango. Na kuku akanyamaza.

Maili ngapi walikwenda hivyo, wote wawili? Hakuna ajuaye. Juu walikuwa wakiimba. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Ukimtoa kuku, wote waliokaa mbele katika lori lile walikuwa usingizini.

Kilichomwamsha Kahonzi ni tawi. Lilimchapa mkononi dirishani, paa! Akafumbua macho akaona kitanda.

Kitanda kizima, miguu minne, kimesimama wima, kinatembea kando ya barabara.

Akafikiri anaota. Akatazama chini ya leso. Mkono haupo kwenye gia.

"Kuku!" akapiga kelele. "Kuku! Kuku!"

Kitanda kinakua. Sasa akaona magurudumu ya baiskeli chini yake, na miguu ya mtu anayeisukuma. Mtu amefunikwa na kitanda chake, haoni nyuma.

"Mkwe wangu!"

Kahonzi akaikamata leso akaivuta, kamba ikakatika, na kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake akautazama uso wa mkwewe kwa karibu.

Macho yalikuwa wazi.

Hilo ndilo alilolia nalo miezi mingi baadaye. Macho yalikuwa wazi, yameelekea barabarani, na ndani yake hamkuwa na mtu.

Akampiga kofi.

Alimpiga kwa nguvu zake zote, shavuni, kofi la mama kwa mtoto. Dena akashtuka, akaona, akakata kulia. Lakini lori lenye korosho halikatwi kama baiskeli. Kona ya mbele ikakibeba kitanda na mwenye kitanda. Lori likavuka barabara, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Magunia yakapasuka. Korosho zikamwagika kwa sauti kama ya mvua kubwa, halafu zikaisha kumwagika, kukawa kimya.

Halafu akasikika Kadii.

"Mame! Mame! Mtoto!"

Kadii alikuwa amekaa chini, mkono wake mmoja umepinda mahali pasipo na kiungo. Mbeleko mgongoni ilikuwa imefunguka. Easter hayumo.

Kahonzi alitoka kwa dirisha, goti lake na vyote. Akapiga magoti kwenye korosho akaanza kufukua kwa mikono, kama mbwa. Shemeji wakaja wakafukua. Dena alisimama ameshika shavu.

"Fukua!" Kahonzi akamfokea. Hakumwambia kuku. "Dena! Fukua!"

Jina lake. Alimwita jina lake.

Wakafukua magunia mawili, matatu. Chini ya la nne wakakuta mbao. Ni kile kitanda, kimelala kimeinua ubavu mmoja, magunia yamekilalia juu, na chini yake pamebaki nafasi kama ya kabati dogo. Ndani ya nafasi hiyo Easter alikuwa amekaa, uso mweupe kwa vumbi, amevuta pumzi yote ya dunia asiweze kuitoa.

Akaitoa. Alilia mpaka kijiji cha Matsangoni wakasikia.

Mwenye kitanda alikuwa hatua sita kutoka hapo, chali, baiskeli juu ya miguu yake. Jina lake Baya, seremala. Dena ndiye aliyemfikia wa kwanza.

"Kitanda kimevunjika?" Baya akauliza.

"Mguu mmoja tu, kaka."

"Ni cha watu," Baya akasema. "Cha arusi, kule Tezo. Niliahidi leo." Akatazama shati la Dena lililomwagikiwa kahawa. "Hukuniona?"

Dena akaiinua baiskeli kutoka juu ya miguu yake.

Wiki mbili baada ya hapo, Musyoka alifika nyumbani kwa Kahonzi na kilo mbili za sukari. Alikaa kwa adabu, akauliza habari ya goti.

"Mama, shahidi wa mbele ni wewe peke yako," akasema. "Kitu kidogo tu. Breki zilikatika. Useme hivyo, kijana atatoka, mwanao atapata kula, na mimi sitamwacha. Hata uongo si sana. Breki za lori lile ni mbovu kweli."

"Na seremala?"

"Seremala ameshafika kwa Mungu. Wewe huwezi kumrudisha."

Kahonzi akaitazama sukari. Hakusema atasema, hakusema hatasema. Musyoka akaondoka akiwa na furaha, maana hivyo ndivyo alivyomwelewa.

Kortini Malindi, Dena alikana mashtaka. Alizitaja breki. Kahonzi akaitwa. Kiongozi wa mashtaka akamuuliza swali lile lile, karibu kwa maneno yale yale ya darajani.

"Mama, wewe ulikaa naye. Mshtakiwa alisinzia njiani?"

Shemeji walikuwepo. Kadii alikuwepo, mkono shingoni. Musyoka alikuwepo mstari wa pili. Koplo Thuku alikuwa mlangoni, kofia kwapani. Na mke wa seremala, Nyevu, alikuwa amekaa peke yake karibu na dirisha, nguo nyeusi.

"Alilala," Kahonzi akasema. "Alilala tulipotoka Marafa, nikamwamsha. Akalala tena baada ya Gede, nami pia usingizi ukanichukua. Breki hakuzigusa, atazikata saa ngapi? Na yule askari pale mlangoni aliniuliza mapema darajani, seremala bado mzima, bado anapiga randa kitanda chake. Nikajifunika leso. Kama kuna kifungo cha jambo hilo, bwana hakimu, nipe."

Hakimu akasema sheria haina kifungo cha jambo hilo.

Dena akasimama pale kizimbani bila kuulizwa. Akaomba abadilishe jibu lake.

Yaliyowapata wote ni haya.

Baya alikuwa amefariki siku ya pili hospitalini. Aliacha mke na watoto watatu.

Dena alifungwa miaka miwili kwa kusababisha kifo kwa kuendesha gari vibaya, na akazuiliwa kuendesha miaka mitatu baada ya hapo. Alitoka mwaka 1986. Mwaka huu zuio linakwisha. Hajakwenda kuomba leseni. Anafuma makuti Tezo, na hulala mapema.

Musyoka alitozwa faini kwa kupakia watu juu ya mzigo. Kwa kumnyima mtu usingizi hakushtakiwa na yeyote. Lori lilitengenezwa, lina dereva mwingine.

Koplo Thuku alihamishiwa Garsen. Husimamisha malori huko.

Kadii mkono wake ulipona ukiwa umepinda. Anauza mahamri.

Easter ana miaka mitano. Ana alama nyuma ya sikio, na haogopi kitu.

Nyevu alikitia kitanda mguu mpya, wa mti tofauti, kwa sababu ule wa kwanza hakuupata. Alikipeleka Tezo mwenyewe. Wenyewe wanakilalia.

Kahonzi aliitwa na wazee wa mji kwa makosa mawili, kumpiga mkwewe na kumtaja jina. Wakamtoza mbuzi mmoja na kuku mmoja wa kutakasa. Wakamuuliza kama anajutia kofi lile. Akasema anajutia kulichelewesha tangu Marafa.

Mbuzi alimwazima kwa jirani. Kuku alikuwa yule yule.